Mwongozo kamili: kuchuja ploti Kenya kwa rekodi za umma na programu ya kujitengenezea

Meseji ninayopata zaidi ni hii: "Nimeshusha Gazeti la Serikali la miaka mitatu, nimeandika skripti, nimetafuta namba ya ploti, imesema hakuna kitu, sasa nilipe?" Usilipe kwanza. Gazeti hilo ndilo serikali hutumia kutangaza rasmi hati zilizopotea, ardhi inayotwaliwa na mirathi, na skripti ni programu fupi ya kulisoma kwa niaba yako. Karibu kila mtu niliyeketi naye tukafungua laptopu yake, tulikuta ploti imo gazetini, ni skripti tu haikuiona. Na mimi mwenyewe nimeshaingia kwenye shimo hilohilo, nitaeleza kwenye hatua ya 3.

Tuelewane mapema pia: hii programu haitakutafutia ploti ya bei poa. Kazi yake ni kukataa. Unaipa namba ishirini ulizopewa na mabroka, inakurudishia kadhaa ikisema hizi kuna maswali, halafu zile zilizobaki ndizo unazitolea nauli, sarveya na wakili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Laptopu yoyote, hata ya mtumba, yenye Python (lugha ya kuandikia programu). Ongeza pdfplumber ya kusoma PDF. SQLite, ya kuhifadhi utakachopata kwenye jedwali, inakuja na Python yenyewe, huhitaji kununua chochote.
- PDF za Gazeti la Serikali. Hutoka kila Ijumaa, na katikati ya wiki kuna matoleo maalum. Ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law.
- Orodha ya ploti zako zikiwa na namba kamili. "Ile ploti iko karibu na shule" si namba.
- Akaunti ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na ya Ardhisasa (mfumo wa ardhi mtandaoni), kitambulisho, PIN ya KRA, yaani ya mamlaka ya ushuru.
- Pesa kidogo ya sachi (kuulizia rasmi rejista ya ardhi ploti ni ya nani), na namba ya simu ya sarveya mwenye leseni na ya wakili. Hawa wawili programu haiwaondoi, isikudanganye.

Kama Python inakutisha, kazi ya hatua ya 4 na ya 7 unaweza kuifanya kwa Google Sheets, ila ya 2 na ya 3 tafuta kijana wa kukusaidia jioni moja, inatosha.

## Hatua ya 1: Pata namba ya ploti kutoka kwenye hati, sio kutoka mdomoni

Mwambie broka akutumie picha ya hati, ukurasa wenye namba na ule wenye ukubwa. Broka akisema hati iko kwa wakili, wakili amesafiri, wewe lipa tu booking tutaonana Jumatatu, hapo umeshapata jibu na hata laptopu hujafungua.

Namba zetu hazifanani, na hapa ndipo shida inapoanzia. Kuna za mtindo wa Kajiado/Kitengela/ kisha tarakimu, kuna Ruiru/Ruiru East Block 2/ kisha tarakimu, kuna Nairobi/Block 82/, na kuna zile za zamani za L.R. No. 209/. Andika kama ilivyo kwenye hati, herufi kwa herufi, hata kama broka anafupisha Kajiado kuwa KJD. Kama ni ya L.R., weka tu kuanzia 209, yale maneno ya mbele watu huyaandika kwa njia kumi.

Halafu ongeza safu ya pili: namba mama. Shamba likigawanywa, namba ya zamani inafungwa na vipande vinapewa namba mpya. Kama ugomvi wa shamba ulitangazwa kabla halijagawanywa, tangazo litataja namba mama peke yake, kipande chako hakitatokea popote. Namba mama utaiona kwenye fomu ya mutation (ya kugawanya shamba) ama kwenye green card (kadi ya historia ya ploti iliyoko ofisi ya ardhi), mwambie muuzaji alete.

Safu ya tatu ni ukubwa kwa hekta. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni hekta 0.0465, kwa hivyo kwenye hati utakuta 0.045 ama 0.046. Thumuni ya eka ni 0.0506. Mabroka huziita zote "eighth", na wewe unalipa bei ya thumuni ukipewa 50 kwa 100.

Onyo: kama unachoonyeshwa ni cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba na sio hati, mwongozo huu haukusaidii. Hiyo ploti haiko kwenye rejista kwa jina la muuzaji, iko kwenye daftari la kampuni, na daftari la kampuni si rekodi ya umma.

## Hatua ya 2: Shusha magazeti, kisha kata kila ukurasa katikati

Weka PDF zote kwenye folda moja, jina la faili lianze na tarehe, mwaka kwanza. Anza na miaka mitano nyuma, zaidi ya hapo utaongeza baadaye.

Sasa sikiliza. Gazeti la Serikali limechapwa kwa safu mbili kila ukurasa. Ukimwambia pdfplumber asome ukurasa mzima, anasoma mstari kutoka kushoto moja kwa moja hadi kulia, kwa hivyo nusu ya tangazo la Kajiado inaungana na nusu ya tangazo la Kiambu na unapata uji. Watu wengi wanaishia hapa bila kujua, kwa sababu maandishi yanatokea, yanaonekana mengi, yanafanana na kazi iliyokamilika.

Dawa ni kukata. Chukua upana wa ukurasa, gawanya kwa mbili, soma nusu ya kushoto hadi mwisho, ndipo usome ya kulia. pdfplumber ina amri ya crop kwa kazi hiyohiyo. Ukishapata maandishi yaliyonyooka, yakate kila unapokutana na maneno "GAZETTE NOTICE NO.", kila kipande ni tangazo moja. Usijali herufi kubwa na ndogo, mwambie skripti isizitofautishe.

Utajuaje umefaulu? Namba za matangazo hufuatana. Toa orodha ya namba ambazo skripti imezipata kwenye toleo moja, ukiona 4410, 4411, halafu 4414, umepoteza mbili, rudi ufungue ukurasa huo kwa macho. Usisonge mbele mpaka toleo moja zima halina pengo. Mimi hilo lilinichukua wikendi nzima, na ndiyo wikendi iliyonifaa kuliko zote.

Matoleo ya zamani mengine ni picha za skani, hayana maandishi ndani, skripti itarudisha kurasa tupu. Hayo unayapitisha kwa Tesseract kwanza, programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, na uwe macho: sifuri inageuka O, moja inageuka herufi l. Kwa hayo ya skani usiamini jibu la "hakuna".

## Hatua ya 3: Safisha namba, pande zote mbili

Hii ndiyo hatua inayoangusha watu, kwa hivyo soma polepole.

Kisa changu ni hiki. Chama chetu kiliona ploti upande wa Kaputiei Kaskazini, bei nzuri, muuzaji mpole, nikaendesha skripti ikasema safi, tukatuma booking ya elfu hamsini. Siku tatu baadaye nikawa nasoma toleo moja la zamani nikitafuta kitu kingine kabisa, naona namba yetu hiyohiyo, tangazo la hati kupotea. Skripti ilikuwa imeipita kwa sababu gazeti liliandika "Kaputiei-North" yenye kistari, mstari ukaishia hapo kwenye kistari, North ikashuka mstari wa chini. Mimi nilikuwa nimeandika Kaputiei North na nafasi katikati. Elfu hamsini ilirudi baada ya miezi minne ya kupigiana simu, na ilirudi kwa mafungu.

Watu wakikutana na shida hii hujaribu kuunganisha maneno yaliyokatika kwa kuondoa kistari cha mwisho wa mstari. Inafanya kazi kwa Kiten-gela, inaharibu Kaputiei-North, kwa sababu kile kistari ni chake halali. Usihangaike kujua kipi ni kipi. Ondoa vyote, nafasi, nukta na vistari, upande wa orodha yako na upande wa gazeti. Ikiwa tu kabla yake kuna tarakimu na baada yake kuna herufi ama tarakimu, weka alama | badala yake, ili namba mbili zilizo jirani zisishikane. Namba inakuwa mbaya kuangalia lakini inalingana:

```
import re

def safisha(maandishi):
    m = maandishi.upper()
    m = re.sub(r"(?<=\d)[\s.\-]+(?=\w)", "|", m)
    m = re.sub(r"[\s.\-]+", "", m)
    m = re.sub(r"^KJD/", "KAJIADO/", m)
    return m

def imo(namba, tangazo):
    n = re.escape(safisha(namba))
    return re.search(r"(?<!\d)" + n + r"(?!\d)", safisha(tangazo)) is not None
```

Zile alama za ajabu mbele na nyuma ya n zinasema: kusiwe na tarakimu nyingine imebandikwa hapo. Ukiziacha, ploti namba 123 italingana na 1234, 1235 na 12390, utapata kengele mia na utaacha kuziamini.

Mtego mmoja umebaki. Matangazo mengine huandika msururu, mathalani 4521-4530, na safisha yetu itageuza hiyo ikawa 4521|4530, ploti yako ya 4525 ipotee humo ndani. Kwa hivyo kabla ya kusafisha, mwambie skripti ikiona tarakimu, kistari, tarakimu, isifanye lolote ila iweke tangazo hilo kwenye orodha ya "soma kwa macho". Orodha hiyo haiwi ndefu, unaimaliza na kikombe kimoja cha chai.

Kujua kama umefaulu: chagua namba kumi kutoka gazetini wewe mwenyewe, ziandike kwa njia mbovu unazozijua, herufi ndogo, nafasi nyingi, KJD, bila kistari. Zote kumi lazima zipatikane. Tisa haitoshi.

## Hatua ya 4: Jua tangazo linakuambia nini

Jedwali la SQLite liwe na safu chache: tarehe, namba ya tangazo, aina, namba ya ploti, faili ilikotoka. Majina ya watu, namba za vitambulisho na sanduku la posta usiyahifadhi. Yameandikwa gazetini ndiyo, lakini ukianza kuyakusanya na kuyasambaza kwenye grupu unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na pia si uungwana.

Hati mpya baada ya kupotea. Hii ndiyo utaikuta zaidi. Msajili anatangaza kwamba hati imepotea na baada ya siku 60 bila pingamizi atatoa nyingine. Peke yake si kosa, hati hupotea, nyumba huungua, mzee huficha akasahau. Swali ni tarehe. Ukiona tangazo la 2021 halafu muuzaji anakuonyesha hati ya 2009, umeshikishwa karatasi ambayo msajili ameambiwa haipo. Aidha ile iliyopotea ilipatikana na inatumiwa na mtu mwingine, ama aliyeomba mpya alidanganya. Vyovyote vile, mpaka ofisi ya ardhi ieleze, usitoe hata shilingi.

Usajili bila hati ya zamani. Mara nyingi ni mambo ya urithi ama amri ya korti. Tangazo lenyewe husema hati ya awali itahesabiwa imefutwa. Angalia tarehe vilevile.

Kutwaliwa ardhi. Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza nia ya kuchukua ardhi kwa barabara, reli, bwawa, na huorodhesha namba za ploti na ukubwa unaochukuliwa. Kuna watu hununua makusudi pembeni mwa barabara mpya, sawa, lakini kununua ndani ya eneo linalochukuliwa ni kununua foleni ya fidia.

Mirathi. Haya hayalingani kwa namba ya ploti hata ufanyeje, kwa sababu yanataja jina la marehemu tu. Kwa hivyo utarudi kwayo baada ya sachi, ukiwa na jina la mwenye hati, utafute jina moja moja kwa sababu mpangilio hubadilika. Aliyekufa hauzi, na warithi nao hawawezi kuuza ardhi kabla korti haijathibitisha grant, yaani idhini ya kusimamia mali ya marehemu. Watoto watatu wakikuuzia shamba la baba na cheti cha kifo pekee, hawajakuuzia kitu.

## Hatua ya 5: Tafuta kesi

Kwenye Kenya Law kuna hukumu za Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na namba ya ploti mara nyingi iko ndani ya hukumu. Hapa usiandike skripti ya kukwangua tovuti nzima, ni uvivu wa kujionyesha. Andika namba kwenye kisanduku cha kutafuta, mara tatu kwa mitindo mitatu, kisha namba mama. Dakika tano kwa ploti.

Kwa nini usumbuke wakati sachi inakuja? Kwa sababu sachi inaonyesha nani ameandikwa leo, haionyeshi aliipataje. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufukweni Nyali iliyokuwa nafasi ya umma, ikagawiwa rais wa wakati huo mwaka 1989, ikauzwa, ikauzwa tena. Mnunuzi wa mwisho alikuwa na hati mkononi. Mahakama ikasema kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hati haikuokoi, hata useme ulinunua kwa nia njema. Tangu hapo kwangu historia ya ploti ni lazima, sio ziada.

## Hatua ya 6: Sachi rasmi, kisha miguu

Ploti zilizobaki ndizo unazilipia sachi. Ardhisasa ilizinduliwa Aprili 2021 ikianza na Nairobi, na kwa maeneo ambayo rejista yake haijaingia huko unaenda ofisi ya ardhi mwenyewe na nakala ya hati, kitambulisho na PIN.

Cheti cha sachi kina sehemu tatu. A ni ardhi yenyewe, linganisha ukubwa na ile safu yako ya hekta. B ni mwenyewe, linganisha na kitambulisho cha muuzaji, sio na maneno yake. C ndiyo ya kukaa nayo: rehani ya benki, zuio, amri ya korti. C ikiwa tupu usifurahi sana, ni picha ya siku hiyo tu. Rudia sachi asubuhi ya siku ya kulipa.

Halafu nenda na sarveya akiwa na ramani ya rejista, atafute bikoni, yaani alama za mpaka. Nimeona ploti yenye hati safi, sachi safi, gazeti safi, ukifika bikoni mbili ziko ndani ya mto. Ongea na jirani mwenye kibanda cha mboga, muulize shamba la nani. Jirani huyu hana tovuti lakini anajua.

Shamba likiwa la kilimo, muuzaji lazima apate idhini ya bodi ya ardhi, na hiyo huombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Ikikosekana, mkataba hauna nguvu.

## Hatua ya 7: Hesabu ya broka na hesabu yako

Hapa Google Sheets inatosha. Tuseme ni nyumba ya kupangisha, vyumba kumi, kila kimoja 8,000, inauzwa milioni 6.5. Broka atakuambia: 960,000 kwa mwaka, hiyo ni karibu asilimia 15, unangoja nini?

Wewe panga hivi:

- Bei 6,500,000
- Ushuru wa stempu asilimia 4 kwa mjini, 260,000 (mashambani ni asilimia 2)
- Wakili, sarveya, mthamini, tuseme 140,000
- Ukarabati wa kuanza, tuseme 300,000
- Jumla 7,200,000

Kodi ya nyumba hesabu miezi 11, kwa sababu wapangaji wanahama: 880,000. Toa kodi ya KRA ya mapato ya nyumba, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pesa uliyopokea, kwa mwenye kuingiza kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka: 66,000. Inatozwa kabla ya gharama, kwa hivyo paa likivuja KRA haikupunguzii. Toa mtunzaji 144,000, marekebisho 60,000, takataka na maji ya pamoja 48,000.

Inabaki 562,000. Gawanya kwa 7,200,000, ni asilimia 7.8.

Sasa chukua hiyo 7.8 uiweke kando ya riba ya hati za serikali za wiki hiyo (unaikopesha serikali, inakulipa riba), ambazo hazina choo cha kuziba wala mpangaji wa kutoroka usiku. Kama riba yake imeipita hiyo 7.8, punguza bei kwenye jedwali mpaka nyumba ishinde, na hiyo ndiyo bei utakayomwambia muuzaji. Akikataa, funga laptopu.

Mwisho, panga skripti ijiendeshe kila Jumamosi asubuhi, ishushe toleo jipya na kulilinganisha na orodha yako yote, pamoja na ploti ulizokwisha kununua. Hizo ulizonunua watu husahau kuziweka. Mtu akitangaza leo kwamba hati ya ploti yako imepotea, una siku 60 za kwenda kwa msajili na hati yako mkononi, na hakuna atakayekupigia simu.